Ukitaka mboga rahisi, uliza mvua imenyesha wapi

Watu wakisikia fulani anajua kununua sokoni, wanamfikiria mwenye ulimi: anayebembeleza, anayejifanya anaondoka, anayeitwa nyuma, "Rudi mama, chukua." Ulimi huo ninao kidogo, na kwa kawaida unaniokolea mia tatu, siku nikibahatika mia tano. Kilichoniokolea pesa miaka yote hii ya kulisha nyumba hapa Tabata, Dar es Salaam, ni kujua mzigo unatoka wapi na huko kunaendelea nini. Sado ya nyanya, yaani kopo la rangi la lita nne tunalopimiwa, pale soko la Ilala imeshapangiwa bei na mvua ya Iringa kabla sijapanda daladala, na hakuna maneno matamu yanayoweza kuifuta mvua hiyo.

Nianze na nyanya, maana ndizo zinazovuruga bajeti za wengi. Nyingi zinazoshuka kwenye masoko yetu ya jumla hutoka Ilula, pale kwenye barabara kuu ya Zambia kabla hujafika Iringa mjini, na nyingine Morogoro, hasa upande wa Dumila. Katikati ya mwaka, kiangazi kikiwa bado na ubaridi, mashamba ya umwagiliaji yanatoa kwa pamoja na soko linafurika. Masika yakishika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, mambo yanageuka. Bakajani inaingia shambani, mkulima anapuliza dawa leo, mvua inaiosha kesho, anapuliza tena. Matunda yanayopona yanapasuka kwa maji mengi. Halafu kuna kile kipande cha njia kati ya shamba na lami, ambacho kiangazi ni nusu saa na masika ni kulala njiani. Mzigo unaofika ni mdogo, na sehemu yake imeshaanza kulainika. Sado niliyoichukua Agosti kwa elfu tatu naikuta kwa elfu nane, na aliyekaa nyuma yake hana anachofaidi kunizidi. Naye kachukua tenga kwa bei ya kulia.

Na si masika peke yake. Tangu mwaka 2014 alipoingia kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake wanatoboa majani na matunda, miezi ya joto kali nayo haina uhakika. Kantangaze anapenda joto na ukavu. Kwa hiyo nafasi yangu ya kula nyanya bila kuhesabu ni ile ya baridi ya katikati ya mwaka. Hapo ndipo ninapopika rosti nzito, ninapowakatia watoto kachumbari ya bakuli kubwa, na ninapochemsha za kuweka.

Masika napika vingine. Kisamvu cha nazi na karanga hakiulizi nyanya. Mlenda hauulizi nyanya. Matembele ya nazi yanataka kitunguu kimoja na ndimu. Samaki nampika kwa ukwaju. Mchuzi wa maharage unapata uzito kwa karoti iliyokunwa ikaangwa na kitunguu hadi ikaiva kabisa. Mume wangu mwaka wa kwanza alikuwa anachungulia sufuria na kuuliza, "Mama, leo mchuzi mweupe?" Siku hizi anaujua mwezi kwa rangi ya mchuzi.

Hili ndilo ningependa mtu anayeanza kupanga bajeti ya mboga alishike mapema kuliko mbinu nyingine zote. Ukitoka nyumbani umeshaamua kupika kitu fulani, umeshampa muuzaji ushindi. Unatafuta hoho tatu kwa sababu uliona mapishi yenye hoho, unazikuta moja moja zimepangwa kama vito vya sonara, na unalipa. Mimi natoka na pesa ya wiki na kapu. Ninazunguka kwanza bila kununua, naangalia kipi kimejaa, yaani kipi kiko kwa wauzaji sita waliofuatana na kila mmoja anakiita. Hicho ndicho tunachokula. Mapishi nayatafuta nikiwa nimesharudi.

Kuhusu wingi, nina hesabu moja niliyoiokota kwa watu wa afya. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu watano, kama yangu, hizo ni kilo mbili kwa siku, kilo kumi na nne kwa wiki. Nilipoiandika hiyo kwenye daftari niliona wazi kwamba kwa ununuzi wa fungu moja asubuhi na nyanya tatu jioni hatufiki hata nusu. Huwezi kufikia kilo kumi na nne kwa vitu vya nje ya msimu isipokuwa una mshahara mnene. Kwa vitu vya msimu unafika, tena kwa pesa ambayo wengi tunaimaliza kwenye soda na chipsi.

Masika yenyewe yana neema yake, isionekane nayalaumu tu. Mvua zikianza, majani ya maboga yanatambaa kwenye kila kiwanja kisichojengwa, matembele yanachipua hata kando ya karo la kufulia, mnavu unaota bila kupandwa. Mchicha ndio kigeugeu. Unakomaa haraka, wiki tatu au nne tu tangu kusia mbegu, kwa hiyo hali ikiwa nzuri unajaa mji mzima. Lakini mchicha mwingi wa Dar unalimwa mabondeni, na mvua kubwa ikija mabonde ndiyo ya kwanza kwenda na maji. Wiki ya mafuriko utaukuta mchicha kwa bei ileile ya mia tano, ila fungu limekonda, unalishika kwa vidole viwili. Anayesema mboga za majani hazipandi bei hajaliangalia fungu.

Kwenye majani huwa nauliza pia maji. Bonde la Msimbazi linapita karibu na kwetu, na watafiti wameshaonya zaidi ya mara moja kuhusu madini mazito kwenye mboga zinazomwagiliwa maji ya mto ule. Kuosha kunatoa udongo na vijidudu, hakutoi kilichonyonywa na mizizi. Kwa hiyo nina mtu wangu anayelima kwa maji ya kisima, nimefika kwake, nimekiona hicho kisima. Namlipa zaidi kidogo kuliko gengeni. Hapo sibani matumizi.

Sasa machungwa. Mimi ni mtu wa Muheza, kwa hiyo kwenye hili naomba nisikilizwe.

Msimu mkubwa wa Muheza uko katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti ndiyo kilele. Magari yanajaa, na Dar yote inamenya machungwa: stendi, msibani, kwenye foleni. Bado nakutana na watu wanaoyapita kwa sababu ni ya kijani, wanakwenda kutafuta ya rangi ya chungwa dukani, yaliyovuka bahari, kwa bei ya ajabu. Chungwa letu la kijani si bichi. Ganda la chungwa hugeuka rangi vizuri pale usiku unapokuwa na baridi. Pwani na Tanga usiku ni joto, kwa hiyo linaiva ndani huku ganda likibaki na kijani chake, labda na umanjano kidogo ubavuni. Hao wa ng'ambo wana baridi, sisi tuna utamu.

Namna ya kulichagua ni uzito. Ninachukua mawili ya ukubwa mmoja, moja kila kiganja, naliacha jepesi. Lililo zito lina maji. Kisha napitisha kidole gumba juu ya ganda: likiwa laini na vitundu vidogo, ganda lake ni jembamba, likiwa na mabonde na vilima, unanunua ganda. Kovu la kahawia lililokauka juu halina shida, ni alama ya upepo na matawi, na mara nyingi machungwa yenye makovu yanawekwa kando na kuuzwa nafuu. Nayachukua hayo. Kitu cha kuogopa ni doa laini linalobonyea pale kikonyo kilipotoka, maana hilo linaoza kutoka ndani na litaambukiza kapu zima hadi Jumatano.

Kuna jambo jingine la Muheza ambalo muuzaji wa Dar hatakuambia kwa sababu hata yeye halioni. Wanunuzi wengi wanafika shambani machungwa yakiwa bado machanga na kununua yakiwa juu ya mti. Familia yenye ada ya shule ya kulipa inakubali, inapokea kidogo, na miezi baadaye inakaa barazani ikiangalia mwingine akichuma. Wanaobaki na machungwa yao hadi msimu ufike wanakutana na soko lililofurika. Nimeona yakiozea chini ya miti kwa sababu gharama ya kuchuma na kubeba hadi barabarani imepita bei yenyewe. Kwa hiyo kwenye machungwa ya Julai sibishani bei hata kidogo. Yameshashushwa huko nyuma kupita kiasi. Ninachofanya ni kuchukua mengi: nanunua kwa mia, si kwa tatutatu, na nyumbani kila mtu ana ruhusa ya kumenya bila kuuliza.

Epo moja iliyosafiri kutoka Afrika Kusini, yenye kile kistika, ni bei ya fungu zima la machungwa, na bado kuna mama anayemwekea mtoto epo kwenye mkoba wa shule akiamini ndiyo afya. Kama ni vitamini C, pera la kwenye mti wa jirani linalishinda chungwa lenyewe mara kadhaa, sembuse epo. Sina ugomvi na epo. Nina ugomvi na kuliona pera kuwa tunda la watoto wanaopanda miti.

Mengine nayapitia haraka. Embe za Pwani zinaanza kujaa Novemba na kushika Desemba na Januari. Bolibo kwa juisi, dodo kwa kula na kisu, sindano kwa kunyonya ukiwa umeinama ili usichafue nguo. Nanasi za Kiwangwa, Bagamoyo, zinajaa karibu na wakati huohuo, na za kule ni tamu kiasi kwamba ukiuziwa chachu, ujue limechumwa kabla ya siku zake. Nusa kitako: kama halinukii, liache. Plamu za Lushoto zinakuja mwisho wa mwaka kwa muda mfupi mno, ukizisubiri zishuke zaidi zinakuwa zimekwisha. Parachichi za nyanda za juu na za Kilimanjaro zinakuwa nyingi kuanzia masika hadi katikati ya mwaka, na hapo kwetu zinachukua nafasi ya siagi. Fenesi ni bora kulinunua zima mkiwa nyumba mbili, ukijipaka mafuta mikononi kabla ya kulipasua, kuliko kununua vipande vya barabarani ambavyo vimekaa na vumbi na nzi. Na mbegu zake zichemshwe na chumvi. Kuzitupa ni kutupa mlo.

Saa ya kwenda sokoni nayo ina bei yake. Mafuso yanashusha usiku. Alfajiri ni zamu ya wenye magenge na mama lishe, na wakati huo hununui, unasukumwa, ukisimama njiani mwa mtu mwenye mkokoteni utasikia "Pisha, mama, pisha!" na la pili hutalisikia, utagongwa. Mimi nafika saa tatu kwa majani, kwa sababu majani ya mchana ni ya kunyunyiziwa maji. Kwa matunda na nyanya nafika alasiri. Muuzaji wa nyanya alasiri anaangalia vitu viwili: jua, na tenga lililobaki. Anajua zilizolainika leo, kesho ni masalo.

Na masalo yenyewe si ya kudharau. Nakumbuka alasiri moja ya Agosti pale Ilala, kijana mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua. Ana makundi matatu mbele yake. Ngumu zenye mabega mekundu na kitako cha kijani zinakwenda kulia, hizo za kusafiri. Nyekundu kabisa katikati. Kushoto zile zilizopasuka au kubonyea. Mkono wake hausiti: anashika, anazungusha mara moja, anatupa upande. Nikamuuliza za kushoto.

"Shikamoo mama. Hizo masalo, za mwenye supu."

"Marahaba mwanangu. Nami nina supu."

Akacheka, akanijazia sado hadi zikawa zinaporomoka, kwa chini ya nusu ya bei ya zile za katikati. Tulikubaliana jambo moja: iliyopasuka nachukua, yenye ukungu mweupe au harufu ya uchachu sichukui. Nyanya iliyopasuka jana kwa kubanwa kwenye tenga ni nyanya nzima kwa sufuria ya leo usiku. Nilizichemsha, nikazichuja mbegu na maganda, nikazirudisha motoni hadi zikabaki robo, zikapoa, zikaenda kwenye friza kwenye makopo madogo ya mlo mmoja mmoja. Umeme ukikatika muda mrefu nazitoa napika zote na maharage. Asiye na friza anaweza kuzikata vipande na kuzianika juani juu ya chandarua safi, kazi ya siku kadhaa za jua kali. Watu wa Dodoma na Singida wanakausha mlenda na majani ya kunde hivyohivyo tangu enzi, na wanavuka kiangazi kizima na mboga.

Vipimo vinataka macho. Sado ni kopo lilelile la rangi la lita nne, lakini yapo yaliyobonyezwa kitako hadi kikaingia ndani, na ukijaziwa unaona kilima juu huku chini kuna pango. Naomba kulishika tupu kwanza, nalipindua, nalirudisha. Hakuna aliyewahi kunikatalia mbele ya wateja wengine. Kwa viazi na vitunguu vya gunia, lumbesa imepigwa marufuku na watu wa Vipimo wanaisaka, na mnunuzi wa mjini huwa anaifurahia kilima kile kilichoshonewa juu ya gunia akidhani kapata nyongeza. Kilima kile ni jasho la mkulima wa Njombe aliyelipwa gunia moja. Mimi napendelea mzani. Ukipimiwa kilo hakuna mwenye la kusema, si wewe, si yeye, si aliyelima.

Nauli nayo ni sehemu ya bei ya nyanya. Ukienda Ilala au Mabibo kununua mahitaji ya siku mbili, unachookoa sokoni kinabaki kwa kondakta. Safari ya soko la jumla inalipa pale tu mzigo unapokuwa mkubwa, na mzigo mkubwa unaoza kama kaya ni moja. Ndiyo maana tunanunua kwa kuchangia, nyumba nne za mtaa wetu. Kila wiki anakwenda mmoja. Tunapeana pesa Ijumaa usiku, Jumamosi anarudi na bajaji, tunagawana kwenye veranda yangu kwa sababu ina sakafu. Tenga la nyanya, nusu gunia la vitunguu, mkungu mmoja au miwili kutoka soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, na chochote kilichojaa wiki hiyo. Aliyekwenda sokoni anachagua fungu la mwisho. Ndiyo sheria pekee tuliyonayo, na imetosha. Ugomvi tulioupata ni wa ndizi: wengine wanataka zilizoiva tayari kwa ajili ya watoto, wengine mbichi za kupika. Sasa tunachukua mkungu mbichi, tunaugawa kwa chane, na anayetaka za kuiva anavundika zake kwake ndani ya kapu lenye majani makavu. Kapu la ukili, kwa njia, limerudi kwenye heshima tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, na mboga zimefaidi, maana kapu linapumua na rambo halikuwa likipumua.

Isieleweke kwamba nimemhama mama wa genge. Soko la jumla halikopeshi. Halikuuzii karoti moja na pilipili mbili saa moja usiku, wala halikutunzii majani ya mgagani kwa sababu linajua mama yako anakuja Alhamisi. Bei yake naiona kuwa bei ya huduma, na siku naipita genge lake nikiwa na mzigo wa Ilala namsalimia na kumwambia nimekuta nyanya kiasi gani. Naye anapenda kujua. Mara mbili tatu ameniambia, "Dada, kesho usiende, kuna mzigo wa hasara unakuja," na kweli ukaja.

Vitunguu navipa aya yao kwa sababu ndivyo pekee ambavyo kuweka kunalipa kuliko kitu kingine chochote. Vya Mang'ola, kule Karatu karibu na Ziwa Eyasi, na vya Ruaha Mbuyuni vinashuka bei baada ya mavuno ya kiangazi. Miezi ya mwanzo wa mwaka hadi masika vinapanda, tena vinapanda kwa hasira. Kwa hiyo Septemba au Oktoba nanunua vya miezi mitatu. Nachagua vyenye shingo iliyokauka na kufunga. Chenye shingo nene na mbichi kinaliwa wiki hiyo, hakiwekwi. Vinakaa kwenye wavu uliotundikwa jikoni penye upepo, mbali na viazi, maana vikikaa pamoja kimoja kinamharibia mwenzake. Kila Jumapili naupapasa wavu kutoka nje, kilicholainika kinatoka. Kinachochipua hakitupwi, majani yake yanakwenda kwenye mayai.

Kimebaki kitu kimoja kisichofuata mvua wala jua, nacho ni Ramadhani. Mji mzima unataka ndizi mzuzu, magimbi, mihogo, viazi vitamu, tambi na matunda ya juisi kwa mwezi mmoja na kwa saa moja ileile. Bei inapanda hata kama shamba limejaa, na inapanda zaidi siku mbili kabla ya mwandamo na kumi la kwanza. Nanunua vinavyokaa, kama viazi na nazi, wiki mbili mapema. Magimbi na mihogo siwezi kuviweka, kwa hiyo kumi la kwanza tunafuturu uji, tende na kitu chepesi, na mihogo inaingia mezani katikati ya mwezi hamu ya watu ikishapungua.

Lakini kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, inapita kwenye misimu yote, na kila baada ya miaka kadhaa inabadilisha tunda la futari. Ilipokuwa katikati ya mwaka tulikuwa tunakunywa juisi ya machungwa ya nyumbani kwetu hadi tunachoka. Ilipoangukia Machi na Aprili tuliununua ukwaju. Sasa inaelekea Januari, kwenye embe na nanasi, na nimeshaanza kuwaambia majirani wa veranda kwamba miaka hii michache ijayo tusiogope kununua bolibo kwa tenga. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena Desemba ikiwa inaisha, zote mbili ndani ya msimu. Jirani wa nyumba ya tatu, ambaye ndiye hasa mwenye kelele za ndizi, ameuliza kama mwaka huo mchango utakuwa mara mbili.